Jina Moja Katika Vitabu vya Sheria

Msikilizaji, sheria hutungwa kwa hotuba na makofi, lakini huzeeka kimya kimya. Kuitunga ni kazi; kuisaka iliyopitwa na wakati ni kazi zaidi.

Mwishoni mwa miaka ya 1950, jimbo la Pennsylvania, Marekani, lilitaka kufuta katika sheria zake za afya jina "mtoto taahira" na kuweka "mtoto wa kipekee". Kusema ni rahisi. Jina hilo lilikuwa limetapakaa katika vitabu vinene. Watu wakapewa kazi ya kusoma ukurasa baada ya ukurasa, na bado wakaliruka hapa na pale. Kila liliporukwa, mtoto fulani angeendelea kuitwa hivyo na serikali yake.

Mwanasheria John Horty wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh akaja na njia nyingine. Maandishi ya sheria yalitobolewa kwenye kadi na kuingizwa katika kompyuta, na kila neno muhimu likawekewa alama ya mahali lilipo. Kisha mashine ikaulizwa: ni wapi "taahira" limekaa karibu na "mtoto"? Mashine haisinzii wala hairuki mstari. Mwaka 1960 Horty aliuonyesha mfumo huo kwenye mkutano wa chama cha wanasheria wa Marekani. Utafutaji wa sheria kwa kompyuta ulianzia hapo.

Basi tungetegemea kwamba neno lile lingetoweka upesi nchini humo. Wapi! Katika sheria za serikali kuu lilibaki hadi Oktoba 2010, Rais Barack Obama alipotia saini Sheria ya Rosa, iliyoweka "ulemavu wa akili" mahali pake. Nusu karne! Kompyuta zilikuwapo miaka yote hiyo. Kilichokosekana ni mtu wa kuziagiza.

Mwaka 2020 jimbo la Ohio nalo lilianza kutumia kompyuta zenye akili bandia kuchambua kanuni zake, kutafuta zilizorudiwa na zilizochakaa. Lakini hata huko, mashine huonyesha tu. Anayeamua kufuta ni binadamu.

Ndugu msikilizaji, tochi humulika uchafu, haiufagii. Serikali yenye mashine bora kuliko zote bado inahitaji mtu anayeona haya kwa kilichoandikwa, akashika ufagio. Hadi wiki ijayo, kwaheri.