HISTORIA YA BOGA MPAKA KUFIKA DZALEKA

Tunapoikumbuka kambi yetu iliyofunguliwa mwaka 1994 katika Wilaya ya Dowa, mengi yataandikwa juu ya vita na safari. Ukurasa huu unasimulia mmea ambao karibu kila taifa lililopo hapa linaufahamu, nao ni boga.

Boga nalo lilikuja Afrika kama mgeni. Katika pango la Guilá Naquitz, jimbo la Oaxaca nchini Meksiko, wataalamu walikuta mbegu za maboga yaliyolimwa yapata miaka 10,000 iliyopita. Baada ya mwaka 1492 meli za Wazungu zilivusha mbegu hizo pamoja na mahindi. Wazee wetu walikuwa tayari na vibuyu na matikiti, kwa hiyo mgeni huyo hakuwashangaza. Hata majina yanakaribiana: Mrundi husema umwungu, Mchewa husema dzungu, na yakiwa mengi, maungu.

Katika mashamba ya Dowa na Lilongwe boga hupandwa kati ya mahindi, mvua za kwanza zinaponyesha Novemba au Desemba. Faida yake huonekana kati ya Januari na Machi, ghala zikiwa tupu na mahindi hayajakomaa. Majani huchumwa kwanza, kisha maua, kisha matunda machanga, na mwisho boga lenyewe. Katika njaa ya mwaka 2002 Wamalawi wengi walilazimika kula mahindi mabichi. Mmea unaotangulia kulisha watu wakati kama huo si wa kudharau.

Tunda changa huchumwa siku chache baada ya ua kunyauka, likapikwa na ganda lake. Waswahili walilijua hilo waliposema: mumunye huharibika ukubwani.

Kila jiko la kambini lina sehemu yake. Wenyeji wetu hupenda majani, yaani nkhwani: huondoa nyuzi za vikonyo, hukatakata, huchemsha na nyanya, kisha hutia karanga zilizotwangwa. Karanga hizo si za utamu tu, kwa kuwa mafuta yake huusaidia mwili kupokea vitamini A iliyomo katika majani. Wanyarwanda na Warundi hupika boga pamoja na maharagwe. Wakongomani husaga mbegu, yaani mbika, wakazipika na samaki au nyama.

Lakini mbegu iliyoliwa haipandwi. Aliyekimbia usiku hakubeba ghala, na mbegu zilizonunuliwa sokoni mara nyingi zimechanganyika, maana nyuki huchukua chavua ya shamba moja akaipeleka jingine. Boga la mwaka huu litakuwa lile la mama, ila mbegu zake mwakani zitazaa matunda yasiyofanana naye.

Dawa yake ni rahisi. Jioni tafuta ua jike, lenye kitunda chini yake, na ua dume, yote yakiwa karibu kufunguka, uyafunge kwa uzi. Asubuhi chuma ua dume, paka chavua yake ndani ya ua jike, kisha ulifunge tena na kulitia alama. Liache tunda likomae mpaka kikonyo kikauke. Osha mbegu, zianike kivulini, uzihifadhi pakavu. Tunda lenye uchungu usilile, wala usihifadhi mbegu zake, kwa sababu uchungu huo ni sumu.

Jambo la pili ni nafasi. Mahali hapa palikuwa gereza wakati wa utawala wa Kamuzu Banda, kisha pakapangwa kupokea watu wapatao 10,000. Leo tumezidi 50,000, na tangu Mei 2023 wenzetu waliorudishwa kutoka Lilongwe wameongezeka katika viwanja vilevile. Asiye na shamba apande shimo moja nyuma ya nyumba, atie samadi, na kuuelekeza mmea juu ya ua au paa. Asichume majani yote ya tawi moja.

Ndugu zetu wa mashirika, mnapogawa mbegu za dukani, waulizeni kwanza akina mama ni zipi walizonazo. Nanyi akina mama, msikaange zote. Wekeni konzi moja kwa ajili ya Novemba, na nyingine mpeni jirani, ili yako ikipotea upate pa kuomba.