Nani anaamua kisa kipi ndicho rasmi? Star Wars, Wachwezi na bao la Ryangombe

Mwaka 2003 kampuni ya BioWare ilitoa gemu la Star Wars: Knights of the Old Republic. Kisa chake kimewekwa miaka kama 4,000 kabla ya zile filamu tunazozijua. Unamwendesha mtu asiyejua yeye ni nani, na katikati ya safari unagundua kumbe wewe mwenyewe ndiye Revan, yule mbabe wa Sith ambaye kila mtu anamtaja kwa hofu. Kuanzia hapo uamuzi ni wako: uiokoe Jamhuri, au urudi kukalia kiti chako cha zamani. Uwe mwanamume au mwanamke, hilo nalo ni juu yako. Kwa hiyo kila aliyelicheza ana Revan wake.

Sasa, wenye mali walipotaka kuendeleza kisa walikwama. Huwezi kuandika riwaya ya mtu ambaye ameokoa dola na pia ameiangusha. Wakaamua: Revan alikuwa mwanamume, na alichagua upande wa nuru. Riwaya ya Drew Karpyshyn ya mwaka 2011 ikafuata njia hiyo. Mwaka 2012 Disney wakainunua Lucasfilm, na Aprili 2014 likatoka tangazo kwamba karibu vitabu, katuni na magemu yote ya nyuma hayamo tena kwenye simulizi rasmi. Yataendelea kuuzwa, ila kwa jina la Legends, yaani hekaya. Mashabiki walikasirika kwelikweli. Wapo wanaobishana hadi leo.

Wengi wanaona huo ni ugomvi wa kitoto. Mimi ninayesoma historia ya ukanda wa Maziwa Makuu naiona ni kazi yangu ya kila siku. Tofauti ni kwamba huku kwetu hakukuwa na ofisi moja ya kutoa tangazo. Zilikuwa nyingi, kila ikulu na yake.

Chukua Wachwezi. Kuanzia Bunyoro, kando ya Ziwa Albert, kushuka Nkore, Karagwe, Buhaya na Rusubi, mpaka huku Ngara ambako kata yetu ya Murusagamba imepakana na upande wa Burundi, kuna familia moja ya visa inayozungumzia watawala wa ajabu waliokuwepo zamani kisha wakatoweka. Ni ulimwengu mzima, wenye wahusika, nasaba, vita, mapenzi na safari za kuzimu. Na kama ilivyo kwa Revan, matoleo hayakubaliani.

Toleo la Bunyoro linaanza na mfalme Isaza. Nyamiyonga, mfalme wa kuzimu, anamtumia ujumbe wa vitendawili sita, na ndani ya ujumbe kuna ombi la kuchanjiana damu wawe ndugu. Isaza anaogopa. Anamtumia mtumishi wake Bukuku akachanje kwa niaba yake. Nyamiyonga anagundua amedanganywa, anamtuma bintiye Nyamata akamtege Isaza. Binti anarudi kuzimu na mimba, anazaliwa Isimbwa. Hasira bado. Nyamiyonga anapeleka ng'ombe wawili wazuri mno, na Isaza, ambaye udhaifu wake ni ng'ombe, anawafuata mpaka wanaingia ardhini naye anaingia nyuma yao. Hatoki tena. Bukuku mtumishi anakalia kiti. Miaka inapita, Isimbwa anakuja duniani, anazaa na binti wa Bukuku mtoto aitwaye Ndahura. Bukuku anaamuru mtoto atupwe mtoni, mfinyanzi anamwokoa, Ndahura anakua na kumuua babu yake. Huyo ndiye mfalme wa kwanza wa Kichwezi. Mwisho wao ni Wamara, na baada yake Wachwezi wanaondoka.

Ukivuka kuja Kagera, Wamara huyohuyo ana kisa kingine. Mjerumani Hermann Rehse alikichapa mwaka 1910 katika kitabu chake juu ya Kiziba, kaskazini mwa Buhaya. Huku ni Wamara na wenzake wanaoshuka kuzimu. Mwenyeji wao ni Kintu, anawapa zawadi, na Wamara anasahau kurudisha fadhila. Kintu anamtuma Rufu, yaani Kifo, akadai. Ng'ombe, kuzimu na deni lisilolipwa vipo kote kuwili, ila mdaiwa amebadilika. Bunyoro anayeharibu mambo ni mfalme wa kabla ya Wachwezi, na Wachwezi wanaingia kama warithi halali. Buhaya anayeharibu ni Mchwezi mwenyewe.

Ukija kusini zaidi, Rwanda, Burundi na huku Ngara, ambako Kihangaza na Kishubi ni ndugu wa Kinyarwanda na Kirundi, mhusika mkuu anakuwa Ryangombe, ambaye Burundi wanamwita Kiranga. Yeye hana ufalme wa nchi, ni mwindaji na mkuu wa mizimu. Nitarudi kwake.

Je, unasomaje kitu kama hiki? Kumekuwa na njia kadhaa, na ya kwanza ndiyo mbaya kuliko zote.

Mwishoni mwa 1861 John Hanning Speke alipita nchi aliyoiita Usui, ndiyo Rusubi, upande wa Biharamulo. Mtawala wake Suwarora alimcheleweshea safari na kumtoza hongo nzito. Alipofika Karagwe kwa Rumanika alikaribishwa vizuri sana, na kwenye kitabu chake cha 1863 akaandika sura nzima ya historia ya Wahuma. Dai lake ni kwamba watawala wa huku walikuwa wageni waliotoka Ethiopia, kwa hiyo tawala hizi kubwa hazikuanzishwa na watu weusi wa hapa. Msingi wake mkuu ulikuwa maumbo ya watu, pua na kimo, na hilo hakulificha. Simulizi za wenyeji alizichukua pale tu zilipomfaa. Waandishi wa kikoloni waliomfuata wakawaingiza Wachwezi humohumo: kama walikuwa wa ajabu, walitoka mahali wakaondoka, basi lazima walikuwa Wahamiti.

Hebu tuache kidogo lugha ya vitabu. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, Rwanda, mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia mkutano na kuzungumzia kuwarudisha Watutsi Ethiopia kwa kupitia mto Nyabarongo. Nyabarongo unaingia Kagera, na Kagera unapita Rusumo, mpakani mwa Ngara. Mwaka 1994 maji hayo yalileta maiti. Tarehe 28 na 29 Aprili mwaka huohuo watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa kama saa 24, na kambi ya Benaco ikawa mji. Sisemi Speke aliyasababisha mauaji ya kimbari; kati yake na 1994 kuna ukoloni, siasa, ardhi, vyama na watu waliofanya maamuzi kwa akili zao timamu. Ninachosema ni kwamba lile neno "Ethiopia" halikuokotwa hewani siku ile. Lilitoka kwenye usomaji wa hekaya uliofundishwa shuleni kwa vizazi kama sayansi.

Njia ya pili ilikuja miaka ya 1950, na hiyo angalau iliheshimu Waafrika. Wanahistoria kama Roland Oliver waliuliza: vipi kama Wachwezi walikuwa wafalme halisi? Macho yakaenda Bigo, kusini mwa mto Katonga nchini Uganda, kwenye mahandaki ya kale yenye urefu wa zaidi ya kilomita 10. Wenyeji wanapaita Bigo bya Mugenyi, na Mugenyi ni mmoja wa Wachwezi. Peter Shinnie alichimba mwaka 1957, Merrick Posnansky akafuata 1960. Vipimo vya kaboni vilionyesha mahali palikaliwa takriban kati ya karne ya 14 na ya 16. Ikaonekana kama kisa kimepata ushahidi. Kuna pia simulizi la jeshi la Bunyoro lililokimbia Biharwe, huko Nkore, baada ya jua kugeuka giza, na wengi wamelihusisha na kupatwa kwa jua kwa mwaka 1520. Raha ya wanahistoria ilikuwa kubwa, maana jua halidanganyi tarehe.

Tatizo ni kwamba udongo hauna jina la mtu. Vyungu, mifupa ya ng'ombe na mahandaki vinakwambia palikuwa na watu wengi, mifugo mingi na mamlaka ya kuwakusanya watu wachimbe. Havikwambii kiongozi wao aliitwa Wamara. Jirani na hapo, Ntusi, pana makazi makubwa ya tangu karne ya 11, mapema kuliko Bigo, na huwezi kuvifinya vyote ndani ya vizazi viwili au vitatu vya wafalme wa Kichwezi. Jina la Mugenyi lingeweza kubandikwa baadaye, kama watu wanavyomtafutia mwenyewe kila kitu kikubwa kisicho na mwenyewe.

Mwaka 1958 Christopher Wrigley alikuwa ameshaleta shaka. Kwa maoni yake hawa hawakuwa wafalme waliogeuzwa mizimu. Walikuwa mizimu tangu mwanzo, kisha wakageuzwa wafalme. Kusoma orodha yao kama nasaba ni sawa na kutafuta cheti cha kuzaliwa cha Zeus. Binafsi naona Wrigley alikuwa karibu zaidi na kweli kuliko Oliver, ila hata yeye anaacha swali linalonisumbua mimi: nani aliwageuza, na kwa faida gani?

Hapa ndipo matoleo yanayopingana yanakuwa hazina. Bunyoro walikuja kutawaliwa na Wabito, wenye asili ya Waluo kutoka ng'ambo ya Nile. Simulizi lao linasema mwanzilishi, Rukidi, ni mtoto wa Mchwezi Kyomya, na kwamba alipofika ilibidi afundishwe desturi za ikulu. Nkore na Karagwe walitawaliwa na Wahinda, na wao wanasema Ruhinda alikuwa mtoto wa Wamara. Rusubi nayo ilikuwa ya Wahinda. Yaani kila ukoo uliochukua nchi ulijikuta, kwa bahati njema, una babu Mchwezi! Ukiyasoma matoleo haya kutafuta baba halisi wa Ruhinda, utazeeka. Ukiyasoma kama madai ya kiti, yanaongea wazi.

Na urekebishaji uliendelea hadi enzi ya magazeti. Apolo Kaggwa alichapisha historia ya wafalme wa Buganda mwaka 1901, orodha ndefu iliyowapa Waganda fahari mbele ya Waingereza. Bunyoro, waliokuwa wamepokonywa kaunti zao na kupewa Buganda, wakawa na kila sababu ya kujibu. Kati ya 1935 na 1937 jarida la Uganda Journal lilichapa historia ya wafalme wa Bunyoro-Kitara iliyosainiwa "K.W.", mwandishi alikuwa mfalme mwenyewe, Tito Winyi. Orodha yake ni ndefu kuliko zile zilizoandikwa kabla yake. David Henige alilichambua jambo hili miaka ya 1970, na hoja yake ni kwamba urefu ule ulitokana na mashindano kuliko kumbukumbu. Hiyo haimfanyi Winyi mwongo wa kawaida. Alikuwa mtawala anayedai ardhi ya watu wake kwa silaha pekee iliyokubalika mezani.

Lakini ikulu hazikuwa na sauti pekee. Wachwezi walikuwa pia kwenye kubandwa, ibada ya kuingizwa kundini ambamo mwanachama hupandwa na mzimu na kuongea kwa sauti yake. Iris Berger, kwenye kitabu chake cha 1981, alionyesha kwamba wengi wa washiriki walikuwa wanawake, na kwamba mara nyingi ibada hizi zilikuwa mahali pa kukataa ubabe wa watawala. Mwanamke asiyeruhusiwa kuongea mbele ya wakwe angeweza kuongea kama Wamara au Ryangombe, na watu wakasikiliza. Toleo hili halikuandikwa na mfalme yeyote.

Turudi basi kwa Ryangombe. Toleo moja la Rwanda linasema aligombea ukuu wa mizimu na Mpumutumucuni, na wakakubaliana waumalize ugomvi kwenye igisoro, bao la mashimo 32. (Wapenzi wa Star Wars watakumbuka jinsi Han Solo alivyoipata Millennium Falcon kutoka kwa Lando: mchezo wa karata.) Ryangombe anaelekea kushindwa. Anatokea mwanawe Binego, ambaye hata hawajajuana vizuri, anasimama nyuma yake na kumwonyesha pa kucheza. Mpinzani analalamika, Binego anamuua. Ukuu unabaki kwa Ryangombe.

Ikulu haingependa kisa hiki. Hakuna damu ya kifalme inayotoa haki hapa. Kuna ujanja, mtoto wa nje na ukatili usiofichwa. Na anayejua igisoro atagundua jambo jingine: kete ulizomla mwenzako hazitoki ubaoni. Unazipanda upande wako na mchezo unaendelea nazo. Nadhani ndivyo Wabito na Wahinda walivyowafanya Wachwezi. Hawakuweza kuwaondoa, wakawapanda upande wao.

Kifo chake ni cha uwindaji. Mama yake anamkataza kutoka siku ile, anatoka, nyati anamchoma pembe, naye anaishia kwenye umurinzi, ule mti wenye maua mekundu ambao baadaye ukawa mti wa kubandwa. Kabla ya kukata roho anaagiza watu waingizwe kwa jina lake, na simulizi linawataja: Mhutu, Mtutsi na Mtwa, wote. Mfalme wa Rwanda pekee ndiye hakuruhusiwa kubandwa.