Ya na Marie-Gertrude: mashujaa wa kike wa mwandishi kutoka Likasi

Mji wa Likasi, huko Katanga, ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966, ulijengwa na shaba, na shaba mwanzoni haikuwataka wanawake. Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoundwa mwaka 1906, iliajiri wanaume kwa mikataba mifupi, ikawalaza kambini, kisha ikawarudisha makwao. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ikageuza mpango. Kumleta mtu kutoka Kasai au Ruanda-Urundi kulikuwa ghali, na wengi waliugua na kufa kabla hawajaizoea kazi. Aliyeoa, kampuni iliona, alikaa. Basi mikataba ikawa ya miaka 3, mke akapangiwa posho yake na watoto yao, zikaja nyumba za familia, huduma za uzazi, na mafunzo ya kushona, kupika na kulea.

Hivyo mke wa kambi aliingia katika daftari la kampuni. Lakini kulikuwa na mwanamke mwingine, aliyepanda gari moshi peke yake, akapanga chumba mjini, akauza pombe, akachagua mwenyewe nani aingie na nani atoke. Watu walimwita ndumba. Utawala wa Wabelgiji nao ulimwandika: katika miji kadhaa ya makoloni yao, mwanamke mzima asiye na mume alitozwa kodi yake mwenyewe, na serikali ikachuma kutokana na maisha yale yale iliyoyalaani. Wa tatu alikuwa mtawa, binti aliyeacha ndoa na ukoo akavaa shela ya misheni.

Nimeanza na madaftari haya kwa sababu wasomaji wa hadithi za mapenzi hudhani kwamba mke mwema, mwanamke wa mjini na bikira mtakatifu ni watu waliobuniwa na waandishi. Katika Katanga waliandikwa kwanza na karani wa posho, mtoza kodi na padri. Wasanii waliwakuta tayari.

Waimbaji walitangulia. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta Jean-Bosco Mwenda wa Bayeke mjini Jadotville akipiga gitaa, akamrekodi, na sahani zile zikaenda mbali. Nyimbo za gitaa za Katanga ziliimbwa kwa Kiswahili cha mji, na ndani yake mapenzi, pombe na ndoa vilikaa pamoja kama vilivyokaa barazani.

Wachoraji walikwenda mbali zaidi. Kufikia miaka ya 1970, nyumba nyingi za wafanyakazi wa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, zilikuwa na picha ya Mamba Muntu ukutani: mwanamke juu, samaki chini, nywele ndefu, ngozi nyeupe, pengine saa mkononi. Kisa chake kilijulikana na kila mtu. Mwanaume akibahatika kupata kitu chake, shungi la nywele kwa mfano, atamjia usingizini kukidai, na hapo watapatana: yeye atampa mali, mwanaume atatunza siri na kuwa wake peke yake. Wengine waliona humo mambo ya uchawi tu. Mimi naona hadithi kamili ya mapenzi ya watu wa mshahara. Mwanamke huyu hahitaji posho ya mtu. Mali ni yake, masharti ni yake, na mwanaume ndiye anayepaswa kuwa mwaminifu.

Katika mji wa Likasi alizaliwa Valentin-Yves Mudimbe, mwaka 1941. Alilelewa na seminari, akaingia utawa wa Wabenedikto huko Rwanda, akautoka, akasoma hadi udaktari Louvain, akarudi kufundisha Lubumbashi. Dunia inamjua zaidi kwa kitabu cha falsafa cha mwaka 1988, The Invention of Africa. Riwaya zake zinasomwa kidogo mno, na hilo linanisikitisha, maana humo ndimo alimokaa na wanawake hawa kwa subira.

Le Bel Immonde ilitoka mwaka 1976. Ni Kinshasa, wakati wa maasi ya miaka ya 1960. Ya anafanya kazi yake baa. Waziri mmoja, mwenye mke na watoto, anampenda hadi kupoteza kichwa na kumweka katika nyumba nzuri. Kufikia hapo ni kisa cha kawaida kabisa. Kisha wazee wa kwao wanamjia: baba yake, kiongozi wa waasi, ameuawa na majeshi ya serikali, na sasa bintiye anatakiwa apeleleze siri za waziri. Naye waziri, akitafuta nguvu, anamtoa kafara rafiki wa Ya, mwanamke ambaye Ya alimpenda kuliko mwanaume yeyote. Waziri naye anakufa, polisi wanamhoji Ya, na mwishowe yuko tena baa.

Ukubwa wa Mudimbe uko katika mwisho huo. Riwaya za Ulaya zilikuwa na njia mbili za kummaliza shujaa wa kike: Pamela wa Richardson, mwaka 1740, analinda ubikira wake na kutuzwa ndoa, Marguerite wa Dumas mwana, mwaka 1848, anauza mwili na kufa kwa kifua kikuu. Waandishi wetu wa Kiswahili walizijua njia zote mbili. Rosa wa Euphrase Kezilahabi, katika Rosa Mistika ya mwaka 1971, anaangamia. Rehema wa Mohamed Suleiman Mohamed, katika Nyota ya Rehema iliyotoka mwaka ule ule wa 1976, anapita katika umalaya mjini kabla ya kupata utulivu kwa Sulubu, mkulima. Nawapenda wote wawili. Lakini Ya hapewi kaburi wala mume. Dola, ukoo na mpenzi wamemtumia kila mmoja kwa haja yake, na mwandishi anakataa kuwa wa nne.

Mwaka 1989, akiwa amekwisha kuhamia Marekani, Mudimbe alimgeukia mtawa. Shaba deux inatupeleka Kolwezi, magharibi ya Likasi, Mei 1978, waasi waliotoka Angola walipouteka mji na wanajeshi wa Ufaransa wakashushwa kwa miavuli. Watawa wa Kizungu wanaondoka. Marie-Gertrude, Mwafrika, anaachiwa nyumba nzima. Anampenda Mungu kwa moyo unaosumbuka, anawapenda watu wake, na hawezi tena kujua kama mapendo hayo mawili yanavaa shela moja. Riwaya yote ni daftari la kumbukumbu zake, na safari hii kalamu ameishika yeye.