Ukitoka Kwa Apu, Inaendanga Wapi? Hii Ndio Rada

Uko kwa mat, umekaa dirishani, unajaza fomu ya kuomba kazi kwa simu. Umeandika jina, namba ya kitambulisho, shule zote na ile hadithi ndefu ya "kwa nini tukuchukue". Fomu inasema imekutumia namba ya kuthibitisha kwa SMS. Unatoka kucheki SMS, unamjibu mresh kwa WhatsApp, unafungua kamera upige picha ya kitambulisho. Unarudi. Apu inaanza upya na ile logo yake, na fomu ni nyeupe pe.

Hii imenitenda, na mlango ulikuwa unafungwa saa sita usiku. Nililaumu mtandao. Kumbe mtandao haukuwa na makosa yoyote.

Chukulia RAM ya simu ni viti vya mat. Apu yenye unaitumia sahai ndio imekaa mbele, hakuna mtu anaigusa. Ukitoka haishuki, inasongezwa nyuma. Lakini siku mzigo mkubwa ukiingia na viti vimejaa, makanga anatafuta nani wa kushusha, na anaanzanga na wenye wamelala huko nyuma.

Kwa Android, apu huambiwa kila hatua. Ikizaliwa inapata ujumbe unaitwa onCreate, ikianza kuonekana ni onStart, ukiweza kuigusa ni onResume. Kitu kingine kikichukua nafasi yake mbele, hata kama bado inaonekana nusu, inaambiwa onPause. Ikipotea kabisa kwa skrini ni onStop. Ya mwisho ni onDestroy, na hapo ndio kuna mtego: hiyo ya mwisho haina garantii. Ikishafika onStop, simu ikikosa memori inaweza kuiua bila kuiambia kitu. Hakuna kwaheri.

Kwa hivyo apu imetengenezwa poa inaweka vitu zako mapema, kabla haijalala. Android huipatia kamfuko kadogo ka kukumbuka ulikuwa wapi, ndio ukirudi ikufufulie ukurasa ule ule. Kitu ya maana kama fomu yako inafaa iandikwe kabisa kwa hifadhi ya simu. Msee akiwa mvivu kutengeneza hiyo sehemu, wewe ndio unalipa. Na mara nyingi hagundui, juu yeye anajaribu apu yake kwa simu iko na RAM ya 12GB, na wewe uko na ya 2GB.

Kamera ndio mzigo mkubwa wenyewe. Inakula memori vibaya, ndio maana apu nyingi hufa ukienda kupiga picha.

iPhone nayo iko na mtindo wake. Tangu iOS 4 ya 2010, ukitoka kwa apu inapewa sekunde chache imalize shughuli, alafu inagandishwa. Bado iko kwa RAM lakini haifanyi kazi yoyote, hata betri haiguzi. Memori ikihitajika, inatolewa kimya kimya.

Na usidanganywe na zile picha ndogo ukifungua orodha ya apu za juzi. Hiyo ni picha tu. Apu inaweza kuwa ilikufa kitambo na picha yake bado inakuangalia. Apu za benki ni stori tofauti: ukitoka kidogo zinakufungia makusudi, ili mtu akinyakua simu asiingie kwa doo zako.

Sasa, ile tabia ya kufagia apu zote kila dakika tano ati unasave chaji. Wacha. Mwaka wa 2016, mteja aliandikia Tim Cook barua pepe akiuliza kama hiyo inasaidia betri, na Craig Federighi, mkubwa wa programu pale Apple, akajibu kuwa haisaidii. Hiroshi Lockheimer, aliyekuwa anasimamia Android pale Google, akaunga mkono upande wake. Sababu ni rahisi: apu imelala haili kitu, lakini kuiamsha kutoka sufuri inabidi simu isome kila kitu upya, na mara nyingine inavuta tena picha na video kwa bando yako. Mbaya zaidi, ukiifagia kwa Android, kale kamfuko ka kukumbuka nako kanatupwa. Fagia tu ile imekwama.

Kama unabeba chakula na boda, hii ni ya pesa kabisa. Ile notifikesheni haitoki juu ya skrini sio kero, ndio inashikilia apu hai ndio oda ikufikie na ramani iendelee. Muziki nao hucheza hivyo. Kuna simu zenye zinaua hata hizo ili betri idumu, so ingia kwa mipangilio ya betri uondolee apu ya kazi vikwazo. Na ukiilazimisha kusimama kutoka kwa mipangilio, haipokei kitu mpaka uifungue tena.

Kurudi kwa fomu: piga picha ya kitambulisho kabla hujaanza. Hadithi ndefu iandikie kwa notsi, alafu unakili na kubandika. Namba ya SMS isome kwa ile notifikesheni inashuka juu, usitoke. Na kama ni lazima uone vitu mbili, Android tangu 7.0 inakuruhusu kugawa skrini. Apu zote mbili zikiwa zinaonekana, makanga hana haraka ya kushusha yoyote.