Bustani ya Forodhani, Zanzibar: Historia Fupi

Bustani ya Forodhani, iliyopo ufukweni mwa Mji Mkongwe wa Zanzibar, mbele ya Ngome Kongwe na jumba la Beit al-Ajaib, ni kipande kidogo cha ardhi ambacho watawala mbalimbali walikitumia kwa shabaha zao kabla hakijawa mahali pa mapumziko ya umma.

Jina lake linatokana na forodha, yaani kituo cha kutozea ushuru bidhaa zinazopita bandarini. Katika enzi ya Sayyid Said bin Sultan, kazi hiyo haikufanywa na watumishi wa serikali bali ilikodishwa kwa mfanyabiashara aliyemlipa Sultani kiasi maalumu kila mwaka na kubaki na ziada. Mashuhuri kati ya wafanyabiashara hao alikuwa Jairam Shivji, mwenye asili ya Kutch nchini India. Pembe za ndovu na karafuu zilipita hapo, na watumwa nao walitozwa ushuru kwa kichwa, hivi kwamba utajiri wa mji na dhuluma yake viliingia kwa mlango mmoja.

Tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Uingereza zilipopiga mizinga kasri la Sultani ili kumwondoa Khalid bin Barghash, aliyejitwalia kiti cha usultani, sura ya ufukwe huu ilibadilika, kwani jumba la Beit al-Hukm na mnara wa taa uliosimama mbele ya Beit al-Ajaib viliharibiwa. Baadaye, katika miaka ya 1920, shughuli za meli zilihamia bandari mpya ya Malindi, na nafasi iliyobaki wazi ikageuzwa bustani mwaka 1936, kuadhimisha jubilii ya miaka 25 ya utawala wa Sultan Khalifa bin Harub, na kupewa jina la jubilii hiyo.

Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 jina la jubilii lilififia, na matumizi yaliyoshika mizizi ni yale ya jioni: familia kupunga upepo, vijana kupiga mbizi kutoka ukutani, na wachuuzi kuuza pweza, mishkaki, urojo na maji ya miwa. Mji Mkongwe ulipoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, bustani ilikuwa imechakaa. Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni uliikarabati, ukishughulikia ukuta wa bahari, njia, taa na uwanja wa watoto, nayo ikafunguliwa upya Julai 2009.

Ukarabati huo haukuliondoa soko la usiku, na uamuzi huo wa kuliacha una uzito zaidi kuliko mawe yaliyopangwa upya. Hata hivyo, idadi ya watalii inapoongezeka, bei za vyakula nazo hupanda. Forodhani itabaki bustani ya mji maadamu mkazi wa Ng'ambo, yaani mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, anaweza kuketi hapo bila malipo na kumudu chakula kinachouzwa.