Dhamana ya mshahara, si fidia

Mwajiri akifilisika akiwa na madeni ya mishahara, nchi nyingi za Ulaya zina mfuko wa kuwalipa wafanyakazi. Mtafsiri mwenye haraka atayaita malipo hayo fidia. Lakini fidia hufuata madhara: mkono uliokatwa na mashine, shamba lililopitiwa na barabara. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi wa Tanzania hushughulikia ajali na magonjwa ya kazini, na hapo neno limekaa vizuri. Mshahara usiolipwa ni deni, na deni halifutiki eti kwa kuwa mtu wa tatu amelilipa.

Kwa hiyo napendekeza dhamana ya mshahara. Aliyewahi kukopa SACCOS anamjua mdhamini: mkopaji akishindwa, yeye hulipa, kisha humgeukia mkopaji. Ujerumani hufanya hivyo tangu 1974. Wakala wa Ajira wa Shirikisho humlipa mfanyakazi mshahara wa mkononi, yaani baada ya makato, wa hadi miezi mitatu kabla ya ufilisi, ingawa wenye mishahara minono huwekewa kikomo. Ombi hupelekwa ndani ya miezi miwili. Likishapokelewa, haki ya kudai huhamia kwa wakala, naye ndiye anayepanga foleni kwa mfilisi pamoja na benki na wauzaji. Hata kusema “malipo ya serikali” kuna chumvi kidogo, maana fedha hutokana na tozo ya waajiri: waliosimama huwalipia walioanguka.

Ufaransa ilitunga sheria yake ya dhamana hiyo Desemba 1973, mwaka uleule ambao wafanyakazi wa kiwanda cha saa cha Lip, mjini Besançon, walikikalia kiwanda, wakaunda saa na kuziuza ili wajilipe wenyewe.

Fidia nayo ina nafasi yake katika habari hii. Agizo la Jumuiya ya Ulaya la 1980 lilizitaka nchi wanachama ziunde taasisi za dhamana. Italia ikazembea. Andrea Francovich, aliyefanya kazi Vicenza, alishinda kesi ya kumdai mwajiri takriban lira milioni 6, asipate kitu. Mwaka 1991 Mahakama ya Ulaya ikaamua kuwa nchi inayowatia watu hasara kwa kutotekeleza agizo lazima iwalipe. Hapo kosa ni la serikali na madhara yapo, basi tuseme fidia bila wasiwasi. Masikini Francovich hakufaidi: mwaka 1995 Mahakama ilifafanua kwamba agizo linahusu waajiri wanaoweza kufilisiwa kisheria tu, na wake hakuwa miongoni mwao.

Kenya nayo, katika kifungu cha 66 cha Sheria ya Ajira ya 2007, inamtaka waziri awalipe wafanyakazi wa mwajiri aliyefilisika kutoka mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii (NSSF), malimbikizo yasiyozidi miezi sita. Kisha sheria hiyohiyo inamhamishia waziri haki ya kumdai mwajiri, kama mdhamini yeyote.