Safu ya Lugha: Kupeleka Simu

Kijana mmoja wa Mnazi, wilayani Lushoto, alikuta kwenye barua ya zamani maneno "nimempelekea kaka simu", akadhani kaka alinunuliwa kifaa. Sivyo. Kaka alipelekewa habari. Neno simu lina asili ya Kiajemi, ambako sim ni uzi wa madini, yaani waya. Nalo lilianza kwa telegrafu, kabla ya simu ya kuzungumzia. Mwaka 1879, enzi ya Sultani Barghash, kebo ya chini ya bahari kutoka Aden ilifika Unguja. Hapo konseli wa Uingereza, John Kirk, akaweza kuwasiliana na London bila kungoja meli. Wajerumani nao hawakukawia: mwaka 1890 kebo iliunganisha Unguja na Bagamoyo na Dar es Salaam.

Basi tutofautishe. Waya ni uzi wenyewe. Simu, kwa matumizi ya awali, ni mtambo na pia habari inayopita humo. Ndiyo maana tukasema kupeleka simu na kupokea simu. Mazungumzo ya sauti yalipoenea, ile habari iliyoandikwa ikaitwa simu ya maandishi, au telegramu. Ililipiwa kwa neno, kwa hiyo ilikuwa fupi: "Mama mgonjwa njoo." Meseji ya leo si telegramu, tusizichanganye. Na mwalimu anayefundisha maandishi ya kale awaeleze wanafunzi maana hiyo ya kwanza, wasije wakasoma historia kombo.